Editorial, op-ed, safu au barua: we unaandika ipi, na kwa Kiswahili unaiitaje

Mwezi uliopita mwalimu wangu wa darasa la sita, mstaafu, siku hizi anafuga kuku Morogoro, alinipigia simu saa moja asubuhi hata chai sijanywa. Shikamoo mwalimu, marahaba, halafu bila kuuliza hata habari za watoto akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. "Hivi wewe si unajuana na watu wa magazeti? Nimewapelekea tahariri yangu wameikataa, tena wamenijibu mstari mmoja." Nikamwomba anisomee hilo jibu. Akalisoma taratibu kama anatoa imla: "Asante mwalimu, ila hatupokei tahariri kutoka nje."

Mi watu wa magazeti siwajui kihivyo, natafsiri tu, kila asubuhi napitia magazeti ya Kiingereza natoa muhtasari wa Kiswahili kwa ofisi fulani hapa Dar. Ila jibu lile nililielewa palepale, tahariri ni sauti ya gazeti lenyewe, maana kosa la mwalimu nimeshalifanya mwenyewe, tena kwa hela ya mtu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi nilikuta makala kali kwenye gazeti moja kubwa la Marekani, aliyeandika ni msomi tu wa chuo kikuu, mi nikatafsiri "gazeti hilo limetaka nchi zetu zikatiwe misaada", bosi akaenda nayo mkutanoni akaisoma mbele za watu, kumbe mmoja wa waliokuwepo alikuwa ameisoma asubuhi hiyohiyo kwenye simu yake na anajua kabisa gazeti halijasema kitu kama hicho. Simu niliyopigiwa jioni sitaki hata kuisimulia.

Turudi kwa mwalimu. Aliniuliza swali la haki kabisa: "Mimi nilitaka kuandika ile wanayoiita op-ed. Nimetafuta maana yake, nikaambiwa ni opinion editorial. Editorial ni tahariri. Sasa mimi nimekosea wapi?"

Amekosea kwenye hiyo "op". Watu wengi, hata wenye Kiingereza chao, wanadhani ni opinion. Sio. Ni opposite, yani upande unaotazamana. Chukua gazeti la karatasi lifungue, ukurasa wa kushoto una tahariri, katuni na barua za wasomaji, sasa ule wa kulia unaotazamana nao ndio op-ed. Basi. Ni jina la mahali, kama unavyosema "ng'ambo ya barabara", halikuwa jina la aina ya maandishi hata kidogo. Mtu anayekwambia op-ed ni tahariri ni kama anayekwambia nyumba ya ng'ambo ni ya kwako kwa sababu inatazamana na yako.

Na hiyo ng'ambo ina historia yake. Mwaka 1921 mhariri mmoja wa gazeti la New York World, Herbert Bayard Swope, aliona ukurasa unaotazamana na tahariri umejaa vitu vya kujazia jazia tu, uhakiki wa vitabu, habari za matajiri na vifo, akaamua kuugeuza uwe wa maoni. Lakini maoni yale yalikuwa ya waandishi wake mwenyewe. Op-ed tunayoijua leo, ya kumkaribisha mtu wa nje ambaye hata hakubaliani na gazeti, ilianza New York Times tarehe 21 Septemba 1970, na mtu aliyeipigania miaka mingi ni John Oakes aliyekuwa anasimamia kurasa za tahariri. Ili wapate nafasi ilibidi waondoe matangazo ya vifo wayapeleke kurasa nyingine. Yani pale wanapobishana watu leo, zamani palikuwa pa marehemu.

Halafu mwaka 2021 hao hao New York Times wakalifuta jina. Msimamizi wao wa maoni Kathleen Kingsbury akasema kwamba kwenye intaneti hakuna kushoto wala kulia, hakuna ukurasa unaotazamana na mwingine, sasa opposite ya nini? Wakaanza kuandika Guest Essay, yani insha ya mgeni. Mi naona wamefanya la maana, ila dunia nzima bado inasema op-ed na itaendelea kusema kwa muda.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu. Mi nikiwaeleza watu huwa natumia nyumba. Tahariri ni mwenye nyumba akisema. Hasaini jina maana nyumba ni yake, anasema "sisi", na akisema amesema gazeti zima, kuanzia mmiliki. Safu ni mpangaji, ana chumba chake, anajulikana siku zake, Jumamosi au Jumapili, anasema anavyotaka ila akigombana na mwenye nyumba anahama. Op-ed ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni siku moja kwa sababu anajua jambo, kesho hayupo. Na barua kwa mhariri ni mpita njia aliyesimama barazani, hodi hodi, naomba niseme moja niende zangu.

Mwalimu alinikatiza hapo. "Kwa hiyo mimi nimeingia nyumba ya watu nikakaa kwenye kiti cha baba." Ndio hivyo mwalimu, samahani lakini ndio hivyo.

Usione ni mambo ya kuchagua maneno tu, kuna watu wamepoteza kazi kwa ajili ya tofauti hii. Hapa hapa kwetu. Februari 1970 serikali ya Tanzania ilitaifisha gazeti la The Standard na Mwalimu Nyerere mwenyewe akawa mhariri mkuu kwa cheo, huku kazi ya kila siku akiifanya Frene Ginwala, mama wa Afrika Kusini, yule yule ambaye baadaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la kwao. Mwaka 1971 huko Sudan rais Nimeiri akawanyonga viongozi wa kikomunisti baada ya jaribio la mapinduzi. The Standard likaandika tahariri ya kumlaani Nimeiri. Tahariri, sio makala ya mtu. Hebu fikiria balozi anayeisoma asubuhi ile, gazeti ni la serikali, mhariri mkuu ni rais wa nchi, na sauti inasema "sisi". Sisi nani? Ginwala aliondolewa kazini. Mi nadhani maneno yale yale yangetoka kwa jina la mkimbizi mmoja wa Sudan, kwenye ukurasa wa maoni, pengine yangeisha na barua moja ya malalamiko kutoka ubalozini.

Kenya wana mfano mzuri zaidi kwa sababu vitu viwili vilitokea gazeti moja ndani ya miezi mitatu. Tarehe 2 Januari 2016 Saturday Nation lilitoka na tahariri ya mwaka mpya iliyomwambia Rais Uhuru Kenyatta waziwazi kwamba ajirekebishe mwaka huo. Aliyeiandika, mhariri Denis Galava, alisimamishwa na mwezi huohuo akafukuzwa, kampuni ikasema hakufuata utaratibu wa ndani wa kuandaa tahariri, wengi nje wakasema ni mkono wa serikali. Machi hiyohiyo 2016 mchumi David Ndii aliyekuwa na safu katika gazeti hilohilo akaandika kwamba Kenya ni ndoa ya mateso na ni wakati wa kuzungumzia talaka. Ukipima kwa ukali, kumwambia rais ajirekebishe na kusema nchi ivunjike, kipi kikali? Cha Ndii kabisa, mbali sana. Kelele zilipigwa nchi nzima lakini zilimpiga Ndii, kwa jina lake, maana lilikuwa pale juu limeandikwa. Galava alikuwa ameongea kwa mdomo wa nyumba.

Sisemi mpangaji ana usalama wa milele. Machi 2018 wenye safu wanane wa magazeti ya Nation, akiwemo Maina Kiai na Kwamchetsi Makokha, waliondoka siku moja kwa barua ya pamoja wakisema uhuru wa gazeti umebanwa. Ila ona hata kuondoka kwao kulikuwa kwa majina yao. Mwandishi wa tahariri akiondoka we msomaji hujui, kesho asubuhi "sisi" ipo palepale.

Na wakati mwingine uzito wa tahariri unauona pale isipoandikwa. Oktoba 2024 Washington Post lilikuwa na tahariri tayari ya kumuunga mkono Kamala Harris, mmiliki Jeff Bezos akaamua gazeti lisimuunge mkono mgombea yeyote wa urais. Wasomaji zaidi ya 250,000 wakafuta usajili wao, ilivyoripotiwa. Gazeti lile lile wenye safu wake waliendelea kuandika wazi nani wanamtaka, hakuna aliyewazuia, lakini haikutuliza mtu. Msomaji alitaka kusikia mwenye nyumba.

Upande wa pili, mgeni naye anaweza kumharibia mwenye nyumba. Juni 2020 New York Times wakachapisha op-ed ya seneta Tom Cotton akitaka jeshi litumwe kuzima ghasia mitaani baada ya kifo cha George Floyd mikononi mwa polisi. Haikuwa msimamo wa gazeti, na kwa kawaida yao ya tangu 1970 ndio hasa kazi ya ule ukurasa, kumleta msiyekubaliana naye. Lakini kwenye simu mtu anaona kichwa cha habari na nembo ya gazeti juu yake, kwisha, "New York Times wanataka jeshi". Mkuu wa kurasa za maoni James Bennet akajiuzulu ndani ya siku chache. Kwa hiyo nilivyoharibu kwenye ule muhtasari wangu nilikuwa na wenzangu wengi, ila hao wenzangu hawakuwa wamelipwa.

Basi ukikuta kitu kwenye gazeti la Kiingereza na unataka kukinukuu utajuaje ni kipi? Angalia jina kwanza. Hamna jina, au pameandikwa The Editorial Board, hiyo ni tahariri. The Guardian la Uingereza huanza kichwa na maneno The Guardian view on, haina mjadala. Kuna jina na chini kuna kamstari kanaeleza fulani ni profesa wa chuo fulani au alikuwa waziri, huyo ni mgeni, op-ed. Kuna jina, kuna picha ndogo, na ukibonyeza unakuta ameandika kila wiki tangu enzi hizo, safu. Halafu angalia nafsi, tahariri nyingi zinaongea "sisi" au hazina nafsi kabisa, mgeni anasema "mimi". Neno Opinion lililoandikwa juu halikusaidii kitu, linabandikwa kwa zote.

Angalizo, The Economist, jarida la Uingereza, inavuruga hiyo kanuni ya jina maana karibu kila kitu mle hakina jina la mwandishi, hata habari za kawaida. Na safu zao zina majina ya kudumu yasiyo ya waandishi wenyewe, kama Bagehot na Lexington, we ukiandika "Bwana Lexington amesema" utachekwa. Majarida ya kisayansi nayo yana dunia yao, editorial za BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, zinasainiwa na mara nyingi ni wataalamu wa nje walioombwa, wakati The Lancet hawaweki jina. Kwa hiyo mtu wa afya akikwambia "nimeandika editorial" usimbishie haraka.

Ila mtego ambao mi naupenda kuliko yote ni wa Waingereza. Wao tahariri huwa wanaiita leader, kifupi cha leading article. Nimewahi kuona kwa macho yangu tafsiri ya Kiswahili inasema "kiongozi mmoja katika The Times amemshauri waziri mkuu". Kiongozi gani sasa? Mtu anatafuta jina la kiongozi halioni, anadhani ni siri. Ingawa cha ajabu enzi za Mjerumani pale Tanga palikuwa na gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, kwa hiyo ukisema "Kiongozi limesema" kwa mzee wa zamani sana pengine angekuelewa vizuri tu, ila kitu kingine.

Na advertorial usiiguse kabisa, ile ni tangazo la kulipia limevaa nguo za makala. Editorial na advertorial zinafanana jina tu, basi.

Haya, sasa kwa Kiswahili tuseme nini. Editorial haina shida, tahariri, Taifa Leo wanaandika hivyo, wengine huweka "Maoni ya Mhariri" na yote sawa ingawa mi napendelea tahariri maana "maoni ya mhariri" inamfanya msomaji adhani ni mzee mmoja amekaa na maoni yake. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu tahrir, ambalo kule lina maana mbili, kuhariri na kukomboa, ndio maana uwanja wa Tahrir pale Cairo ni uwanja wa ukombozi na sio uwanja wa wahariri.

Op-ed ndio yenye tabu. Nimeona "tahariri ya maoni", hiyo ni mbaya kuliko zote, imechukua kosa la opinion editorial ikalivalisha kanzu. Nimeona "makala", lakini makala ni kila kitu, hata ya jinsi ya kupika pilau ni makala. Nimeona "safu ya maoni", ila safu ni ya mpangaji, mgeni wa siku moja hana safu. Mi siku hizi naandika "makala ya maoni" na kama kuna hatari ya kuchanganya naongeza "ya mwandishi wa nje". Ndefu, najua. "Makala ya mgeni" ni fupi na inafuata ile ya New York Times, na nadhani itashinda huko mbele. Na kwenye kunukuu usiandike "gazeti limesema", andika "fulani, akiandika katika gazeti fulani, amesema". Maneno manne tu ya ziada, yangeniokoa mimi simu ile.

Column ni safu, mwenye safu au mwanasafu. Letter to the editor ni barua kwa mhariri, na hapo Kiswahili kina utajiri wake kabisa, nani hajui "Ndugu Mhariri, naomba nafasi katika gazeti lako tukufu ili nami nitoe dukuduku langu".

Nikamwambia mwalimu tufanye zoezi. Jambo lake ni hili, mbele ya shule aliyofundisha kuna barabara kuu, mistari ya kivuko imefutika, matuta hakuna, na bodaboda hawapunguzi mwendo. Tuiandike kwa sura zote nne, sentensi ya kwanza tu.

Tahariri ingesema: "Tunazitaka mamlaka zinazohusika na barabara zirudishe alama za vivuko mbele ya shule zote kabla muhula mpya haujaanza." Ona haina mtu ndani. Haina Morogoro hata, inaongelea shule zote, inaamuru. Ukimpa mwalimu mstaafu maneno haya ayaseme kwa jina lake utauliza, kwani yeye nani wa kuzitaka mamlaka?

Safu ingesema: "Wiki iliyopita nilivyoandika kuhusu bodaboda mlinitukana sana, leo naendelea." Huyu anajulikana, ana ugomvi wa kuendeleza na wasomaji wake. Mwalimu hana.

Barua ingesema: "Ndugu Mhariri, habari yenu ya Jumanne kuhusu ajali za barabarani haikugusa vivuko vya shule, na hapo ndipo watoto wanapogongwa." Inashika kitu kilichokwishatoka, inaongeza moja, inaondoka. New York Times wao wanataka barua ya maneno 150 hadi 200 tu, na hata kwa magazeti yetu ukizidi sana unakatwa na huwezi kuchagua wakate wapi.

Op-ed? Hapo nikamwacha mwalimu aseme mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kuku wanasikika nyuma. Akasema: "Miaka kumi na tisa nilisimama pale barabarani kila asubuhi na fimbo ya kuchapia, sio ya kuchapa watoto, ya kusimamishia magari."

Nikamwambia mwalimu hiyo ndiyo. Hiyo hakuna mhariri anayeweza kuiandika, hakuna mwenye safu, hakuna. Mgeni anakaribishwa kwa sababu ana kitu ambacho nyumba ile haina.

Lakini nikiangalia alichokuwa amepeleka, kiukweli gazeti nalo nililielewa. Juu ameandika TAHARIRI kwa herufi kubwa. Maneno kama 1,400. Aya tatu za kwanza historia ya usafiri tangu ukoloni. Yeye mwenyewe hayumo, kote ni "sisi wananchi tunataka". Fimbo haimo. Mwalimu alidhani kujitoa ndio adabu, na shuleni si ndivyo tulivyofundishwa, insha isiwe na mimi mimi, alitufundisha yeye!

Kwa hiyo kama uko kama yeye na una jambo linakuwasha, mi nashauri hivi. Kama linajibu kitu kilichotoka wiki hii na una hoja moja, barua, usijitese, inatoka haraka na inasomwa kuliko unavyodhani. Kama unajua kitu kwa kazi yako au kwa kukaa nacho miaka, na una pendekezo la kitu kifanyike, sio kulalamika tu, nenda op-ed, maneno 700 au 800 yanatosha, jina lako kamili, kamstari kamoja wewe ni nani, na kama unalipwa na mtu anayenufaika na hoja yako sema, ukikaa kimya ikija kujulikana hoja inakufa hata kama ilikuwa ya kweli. Usipeleke magazeti mawili kwa wakati mmoja. Safu haiombwi siku ya kwanza, unaandika op-ed tatu nne nzuri na wao ndio wanakutafuta. Tahariri huandiki wewe, ila hakuna anayekukataza kuwapelekea wahariri ushahidi, picha, tarehe, na kuwaomba waliangalie, ukija kuona "tunazitaka mamlaka" wiki mbili baadaye jina lako halimo lakini ni jasho lako.

Na usidanganyike na yale maandishi madogo chini ya ukurasa, kwamba maoni ya mwandishi si lazima yawe msimamo wa gazeti. Yale yanaeleza sauti ni ya nani, hayafuti kesi. Ukimkashifu mtu kwenye op-ed mnaweza kushtakiwa wewe, mhariri na mchapishaji, ndio maana watakuuliza maswali na kukukata sentensi, usikasirike.

Kuna jambo moja mwalimu alinikumbusha ambalo sikuwa nimelifikiria. Akasema "mbona sisi wageni tulikaribishwa zamani sana, kwenye mashairi". Na ni kweli. Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar mwaka 1923 na idara ya elimu ya wakoloni, lilikuwa linajaza mashairi na barua za wasomaji, makarani, walimu, watu wa kawaida, Shaaban Robert naye mashairi yake yalitoka mle. Mtu anatoa hoja kwa beti, toleo lingine mtu wa mji mwingine anamjibu kwa vina vilevile, jina na mji wake vipo chini. Mtu wa nje, jina lake, hoja yake, na anayepinga anapewa nafasi sawa. Ukiangalia sifa hizo moja moja ni op-ed ile ile, na John Oakes wakati huo alikuwa mtoto wa shule. Tofauti tu ni kwamba sisi ukikosea mizani unakataliwa hata kama hoja ni nzuri, na mi naona hiyo ilikuwa kanuni nzuri kuliko maneno 800.

Juzi mwalimu kanitumia toleo jipya kwenye WhatsApp, picha ya karatasi, maana hataki kuchapa kwenye simu. Neno TAHARIRI amelikata kwa rula, mstari mmoja safi kama alivyokuwa anakata makosa yetu. Linaanza na ile fimbo. Ukoloni umebaki sentensi moja. Nimehesabu ni maneno 760, jina lake kamili chini, mwalimu mstaafu, Morogoro. Na chini ya jina kaongeza beti mbili za kuwasuta bodaboda, vina vimekaa vizuri mno, sijui nani atamwambia azitoe, mi siwezi.